Kilio Walichombadilishia Rozalia

Rozalia anaanika dagaa Bangwe, na kwa kulia msibani hana mpinzani mwambao huu wa ziwa. Akianza yeye, hata waliofuata ubwabwa wanalia. Ndiyo maana watu wa filamu walielekezwa kwake. Walikuja kuigiza riwaya inayomhusu mwandishi wa habari wa Ulaya aliyefika ziwani akahifadhiwa na mama aliyefiwa na mwanawe; Rozalia ndiye awe huyo mama. Rozalia akaniita nimsemee. Nauza vitenge Mwanga, na mbuzi kwenye gunia sinunui.

Tukapatana: chakula, kitenge kipya, dagaa wasikanyagwe. Likabaki jina. Kwenye riwaya, kijana aliyezama anaitwa Thobias.

"Hilo hapana," akasema Rozalia. "Thobias ni mwanangu, sina mwingine. Yuko ng'ambo, Kalemie, anatengeneza injini za boti. Aliye hai haliliwi. Ukimlilia umemchimbia kaburi."

Mwongozaji, Wilfred, kijana wa Dar es Salaam, akacheka. "Mama, ni maigizo tu."

"Basi nimlilie mama yako. Anaitwa nani?"

Wakakubaliana amlilie marehemu mumewe, Eliakimu, ambaye alishazikwa na hakuna tena cha kumdhuru. Akalia mpaka mshika kamera akafuta macho.

Mwaka uliofuata wakaileta filamu, wakatundika shuka jeupe kiwanjani Ujiji. Rozalia alikaa mbele, kitenge kile kile. Zamu yake ikafika. Mdomo wake, machozi yake, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke mwingine: "Thobias! Thobias wangu, ziwa limekumeza!"

Mwili ulinisisimka, nami si mtu wa kutishwa na shuka. Rozalia akasimama, kivuli chake kikamfunika yule mwandishi wa Ulaya pale kwenye shuka.

"Mawe, mama wee! Si mimi! Jamani, si mimi niliyesema!"

Nani amsikilize? Uso ulikuwa wake. Asubuhi majirani wakaja na kuni na maharage, wakatandika mikeka ya msiba. Mama mwenyewe si kamlilia mbele ya mji mzima? Simu ya Thobias haipatikani. Rozalia akaacha kula.

Nikamfuata Wilfred nyumba ya wageni.

"Tuliweka sauti nyingine ili ifuatane na kitabu," akasema. "Watu wanaelewa filamu, dada."

"Twende ukawaeleweshe walioko mikekani."

Alipoiona ile mikeka, akavua kofia. Hapo hapo nikambana: filamu ionyeshwe tena, na atangaze mwenyewe kwamba sauti si ya Rozalia. Akakubali bila kuvutana.

Kabla siku hiyo haijafika, boti ya Kalemie ikatia nanga. Kuna mtu alikuwa amempelekea Thobias, kwa mkono wa watu wa boti, pole ya kifo chake mwenyewe. Kijana akashuka mwaloni, pale zinapofikia boti, mikono bado ina grisi, akakuta watu wamejaa kwao.

"Shikamooni. Kafa nani?"

Bibi mmoja aliangusha sahani. Rozalia alimfuata mwanawe, akamfinya mkono kwa nguvu mpaka akapiga kelele, ndipo mama mtu akaketi chini kama gunia lililofunguliwa.

Jioni ya filamu Wilfred alitangaza, lakini Rozalia hakutegemea tangazo. Alimsimamisha mwanawe mbele ya shuka. Sauti ilipoita jina, akamkanyaga mguu. "Itika!"

"Nipo!"

"Thobias wangu!" shuka likaita tena.

"Nipo, mama, nipo!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Rozalia hakucheka. Aliushika mkono ule wenye grisi mpaka Wilfred alipomaliza kukunja shuka lake.