Hjördis na Viatu vya Bläsen

Shangazi yangu Hjördis alizaliwa mwaka 1952, mwaka uleule zilipoanza mbio kubwa za farasi za Solvalla, nje kidogo ya Stockholm. Kwa hiyo alizihesabu mbio hizo kuwa pacha wake.

"Pacha wangu anazeeka vizuri kuliko mimi," alikuwa akisema kila mwezi wa Mei ukikaribia. "Yeye kila mwaka wanampaka rangi mpya."

Babu yangu, aliyekuwa akisukuma magogo mtoni hapa kwetu Norrbäcken, alikwenda kuziona kwa treni, na aliporudi hakuwa na habari nyingine. Alisimulia jinsi farasi wa nchi za nje walivyovuta vigari vya magurudumu mawili, dereva amekaa nyuma karibu apigwe na mkia. Kilichomvutia zaidi ni sheria. Farasi lazima achapuke kwa hatua za kupishana, mguu wa mbele wa upande huu pamoja na wa nyuma wa upande ule. Akishindwa kujizuia akaingia shoti, yaani mbio za kuruka, ametolewa mashindanoni, hata kama aliwaacha wenzake mbali.

"Kwingine kote anashinda mwenye mbio," babu alisema. "Pale anashinda mwenye mbio na adabu."

Hjördis alipoanza kwenda naye alikuwa bado wa kubebwa mabegani. Siku hizo wageni walikuwa Wanorwe na Wadeni, majirani tu. Baadaye wakazoeleka Wafaransa na Waitaliano, na Wamarekani ambao farasi wao walisafiri kwa ndege wakati babu mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Watu wengine hukumbuka washindi. Shangazi aliwakumbuka masaisi, wale wanaowatunza farasi: Mwitaliano aliyemwimbia farasi wake mpaka akasinzia, akasinzia na yeye, Mmarekani aliyelala bandani na kofia yake usoni, Mfaransa mmoja mzee aliyemwonyesha, bila lugha yoyote ya pamoja, jinsi ya kuusoma ukwato kwa kiganja cha mkono: wenye moto unauma.

Maisha yake mengine yalipita jikoni mwa shule, akipika alichoamriwa apike. Aliolewa na Evert, dereva wa malori ya mbao, mtu mcheshi, akafiwa naye mapema. Hakupata mtoto. Nilipokuwa mdogo nilidhani ana huzuni, kwa sababu mtu aliye peke yake mezani huonekana hivyo kwa mtoto. Sasa nami nimezoea meza ya namna hiyo, na ninajua kwamba mara nyingi alikuwa akiwaza kuhusu farasi.

Alipostaafu, kijiji kilichangishana kikanunua mtoto wa farasi, kila mtu hisa moja. Walimwita Bläsen kwa ajili ya baka jeupe lililomshuka usoni. Hjördis akawa saisi wake, na malipo yake yalikuwa kahawa na mikate ya mdalasini. Kwa kuwa farasi alikuwa wa wote, mambo yake yote yaliamuliwa kwenye mkutano: shayiri gani anunuliwe, blanketi liwe la rangi gani. Kuhusu blanketi walikutana mara tatu. Katika mikutano yote hiyo shangazi hakuwahi kuinua mkono, si wa ndiyo wala wa hapana. Alikuwa akimimina kahawa.

Bläsen akakua akawa na mbio ambazo hakuna aliyezitarajia. Solvalla farasi haandikishwi, hualikwa. Mwaka ule mwaliko ulipokuja, Hjördis alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akasema, "Basi itabidi nikate nywele."

Jumapili ya mbio tulikwenda kijiji kizima. Farasi hukimbia katika makundi mawili kwanza, na wanne wa mbele wa kila kundi huingia fainali siku hiyohiyo. Bläsen alimaliza wa nne, kwa pua tu. Tulikumbatiana na watu ambao kwa kawaida tunawapungia mkono tu.

Ndipo Sixten, mkufunzi na dereva wetu, akaja bandani akifuta mchanga masikioni.

"Alikuwa mzito mwishoni," alisema. "Nataka kumvua viatu akimbie pekupeku. Bila chuma atakuwa mwepesi. Ila kwato zake laini, zikimuuma ataingia shoti na tutatoka. Farasi ni wenu, semeni. Waamuzi wanataka jibu kabla hatujatoka kupasha misuli moto."

Mahali pengine popote mtu mmoja angejibu. Sisi tukaitisha mkutano.

Tulisimama nyuma ya banda, chupa za kahawa zikafunguliwa. Mwenyekiti wetu, Algot, aliyekuwa msimamizi wa posta, alianza kwa kuuliza kama mkutano umeitishwa kihalali.

"Umeitishwa na Sixten akiwa anakimbia," alisema mke wake. "Endelea."

"Mimi naona avuliwe," alisema mwokaji mikate wetu, Ragnhild. "Hatukuja huku kula soseji."

"Wewe umekula tatu," mtu akadakia.

"Nimekula huku nikiwaza."

"Na akiumia?" akauliza mwingine. "Tutarudi nyumbani na farasi kilema na soseji tumboni."

Kila mmoja alipewa nafasi ya kusema, na waliokuwa hawana la kusema walisema hivyo kwa kirefu. Hatimaye kura zikapigwa, zikalingana. Algot, kama mwenyekiti, alikuwa na kura ya uamuzi, lakini aliona si haki mtu mmoja kuamua mambo ya kijiji. Akapendekeza iundwe kamati ndogo.

Sixten alichungulia. "Kamati itakutana lini, Algot? Wafaransa wameshaanza kufunga vigari."

"Kuna ambaye hakupiga kura," alisema Ragnhild.

Tukageuka wote. Shangazi alikuwa ameshika chupa ya kahawa. Nilimwona akitafuta kikombe kitupu, na hakikuwapo.

"Hjördis, unasemaje?" Algot akauliza, na sauti yake ilikuwa ya upole.

Alijua alichokuwa akiulizwa. Miaka yote ile aliisubiri siku moja tu kama hii, na haingerudi. Na farasi yule ndiye aliyemwamkia kila asubuhi. Aliweka chupa chini. Akaenda kwa Bläsen, akaweka kiganja kwenye ukwato mmoja, akakiacha hapo, kisha mwingine, mpaka zote nne.

"Zimepoa," alisema. "Sijui kama atashinda. Sijui hata kama atavumilia. Lakini nataka kuona." Akamtazama Algot. "Nataka sana. Nipe koleo."

Akavitoa viatu mwenyewe, huku Sixten akikimbia kwa waamuzi.

Sitasimulia mbio hatua kwa hatua. Nusu yazo niliziba macho. Katika kona ya mwisho Bläsen alikuwa wa sita, kisha akachomoka kama mtu aliyekumbuka jambo. Mara moja alijikwaa kidogo, lakini hakuruka shoti. Mbele yake walimaliza Mfaransa na Mnorwe tu. Alikuwa wa tatu.

Sixten alipomrudisha, shangazi hakutazama ubao wa matokeo. Aliinama, akazishika kwato moja baada ya nyingine. Wa nyuma kushoto ulikuwa na moto kidogo. Akauloweka kwenye maji baridi, akakaa kando yake, mashavu mekundu kama ya msichana.

Algot akaja na kofia mkononi. "Kama tungeamua mapema, angepasha vizuri zaidi. Pengine tungekuwa wa kwanza."

"Pengine tungekuwa wa nane," alisema Hjördis. "Sogea, unamzibia upepo."

Algot akasogea. Baadaye akaenda kumletea soseji, bila kumwuliza mtu yeyote.