Barafu na Vidirisha vya Juu

Nimetengeneza viyoyozi miaka ishirini na mbili, na miaka yote hiyo watu wameniita Barafu. Jina lilinivimbisha kichwa. Nikiingia kwenye ofisi yenye joto, makarani walinitazama kama wagonjwa wanavyomtazama daktari, nami nilitembea polepole ili wanitazame zaidi. Nyumbani mke wangu, fundi cherehani, aliniita hivyo hivyo, ila yeye aliniita huku anacheka.

Kisha likajengwa jengo la maduka lisilo na kiyoyozi hata kimoja. Ghorofa tatu zimezunguka ukumbi ulio wazi kutoka chini hadi juu. Kuta zina matundu, paa limechomoza nje kukinga jua, na juu kabisa kuna vidirisha vya mbao vinavyofungwa na kufunguliwa kwa mnyororo. Nililicheka hadharani. Nilisema aliyelichora lazima alikulia ndani ya friji. Lakini kazi za viyoyozi zilikuwa zimepungua, mke wangu alipata chumba cha kushonea ghorofa ya tatu, na jengo lilitafuta mtunzaji. Nikameza maneno yangu, nikaenda kuomba kazi.

Msanifu wa jengo, mama mmoja mpole mwenye miwani, alinikabidhi funguo na karatasi mbili za maelekezo. Akaniuliza kama ningependa anieleze. Mimi, Barafu, nielezwe habari za hewa? Nikazikunja zile karatasi nikaziweka chini ya mguu wa meza yangu iliyokuwa ikiyumba. Meza ilitulia vizuri sana.

Kila siku jua lilipoanza kuwa kali nilipanda juu na kufunga vidirisha vyote. Ndivyo nilivyofundishwa tangu ujana: funga mlango, funga dirisha. Jioni nilivifungua. Ghorofa ya chini palikuwa pazuri, lakini ghorofa ya tatu ilikuwa tanuri. Mke wangu alishona na taulo shingoni, na wateja waliokuja kupimwa mara moja hawakurudi mara ya pili. Nilimwambia nilishasema tangu mwanzo kwamba jengo hili ni upuuzi.

Mwezi wangu wa tatu kazini meneja wa jengo akatangaza kwamba joto limemshinda. Jumatatu wapangaji wangekutana kupitisha mpango wa kuziba matundu ya kuta na kuleta viyoyozi vikubwa. Mitambo yake ingewekwa ghorofa ya tatu, kwenye vyumba vinne vya mwisho. Chumba cha mke wangu kilikuwa kimojawapo, na jengo halikuwa na chumba kingine cha kumpa. Naona aibu kusema, lakini kabla sijamwonea huruma nilikuwa nimeshajiona katika ovaroli mpya, fundi mkuu.

Alhamisi mchana nilipanda ngazi juu ya mlango wake kutafuta pa kupitishia mabomba. Nikafungua kidirisha kimoja ili nione nje. Hewa ya moto ilinipita usoni ikitoka kwa kasi, na chini yangu karatasi za vipimo zikapeperuka mezani.

Mke wangu aliinua kichwa. "Huu upepo umetoka wapi?"

"Hata sijui," nikasema, nikakifunga.

Nilishuka moja kwa moja hadi kwenye meza yangu na kuchomoa zile karatasi. Mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa, ulisema vidirisha vya juu visifungwe kamwe mchana, maana joto hupanda na kutoka kwa kupitia hapo. Nikazirudisha chini ya mguu wa meza. Ijumaa nikafunga vidirisha kama kawaida. Jumamosi nikafunga. Jumapili pia.

Jumatatu wapangaji walikubaliana haraka. Meneja alipouliza kama kuna mwenye la kusema, nilimwona mke wangu akiviringisha futi yake ya kupimia kidoleni, ametazama sakafu. Nikasimama.

"Vidirisha nimekuwa nikivifunga mimi, kila siku," nikasema. "Jengo halina kosa."

Muuza viatu alicheka mpaka akakohoa. Tulipanda wote, nikavuta mnyororo, na kabla ya saa kumi watu walikuwa wanabishana kama ghorofa ya tatu imeanza kuwa na baridi. Mpango ukafutwa. Msanifu aliniombea nisifukuzwe, na karatasi zake zikapigiliwa ukutani mbele ya pua yangu.

Nilikwenda chumbani kwa mke wangu nikitegemea shukrani, maana mtu nimejivua nguo mbele ya wapangaji wote kwa ajili yake. Alikuwa anashona bila taulo.

"Siku ile ya upepo," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akasimamisha cherehani. "Basi siku tatu nimekaa humu ndani nachemka, na wewe unajua."

Nikapanda ngazi, nikavuta mnyororo kwa nguvu zangu zote, ingawa vidirisha vilikuwa wazi tayari.