Kisahani Kisichokumbuka

Hakuna mashine jinga kama ile, fundi alizoea kusema, na nani angembishia? Ilikuwa mashine ya kukata mabati. Kwenye mhimili wake, ule unaosogeza chuma cha kusukumia bati, kulikuwa na kisahani chenye vitundu ukingoni. Taa inamulika upande huu, jicho linatazama upande wa pili. Kila kitundu kikipita, mashine inahesabu moja. Hesabu ndiyo umbali. Vitundu vikipita upesiupesi, ndiyo kasi. Basi! Haijui kingine, maskini. Umeme ukikatika, jicho linapofuka: uzungushe mhimili kwa mkono mpaka uchoke, yenyewe haina habari. Umeme ukirudi, inashika hesabu ileile ya zamani. Ndiyo maana lazima kwanza uirudishe mwanzo, ianze na sifuri.

Fundi aliyajua haya kama jina la mkewe. Lakini kujua ni jambo moja, na njaa ni jambo lingine.

Siku ile umeme ulikatika bati likiwa limekwama. Akauzungusha mhimili kwa mkono, akalichomoa bati, akaenda zake kula. Umeme ukarudi yeye bado anataniana na mpishi. Aliyekuwa zamu ni kaka wa mkewe. Kile chuma cha kusukumia bati kilikuwa nyuma, hakionekani. Kioo cha mashine kilisema chuma kiko mbali. Akaingiza mkono kuliweka bati jingine sawa, akabonyeza kitufe ili kisogee kidogo. Kumbe kilikuwa papo hapo! Vidole vikasagika.

Kiwandani wote waliilaani mashine. Nyumbani mkewe alilia, kisha akasema, "Mungu akuweke, mume wangu. Bila wewe kumkimbiza hospitali, kaka yangu angekufa." Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mwisho akaenda wodini.

"Shemeji, si mashine. Ni mimi. Niliuzungusha mhimili, sikuirudisha mwanzo."

Mgonjwa aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji. "Najua. Nilikuona."

"Uliniona? Sasa mbona hukuirudisha mwenyewe?"

"Nilitaka. Nikajiambia, huenda umeshairudisha; nikiirudisha tena, watu watasema simwamini shemeji yangu."

Fundi alilia palepale, mbele ya wagonjwa wote, wala hakuona haya.