Kumwomba Rehema kwa Mjomba Wake

Ndugu zangu wa Njombe mmekuwa mkiniuliza kwenye simu: inakuwaje mwanamume anabaki nyumbani kufunga masufuria huku mkewe ameshatangulia kituo kipya? Nitawaeleza. Mke wangu Zuhura ni koplo jeshini. Alipopata uhamisho wa kwenda Tabora aliripoti mara moja, kama wanavyotakiwa, na mimi, fundi cherehani, nikabaki Nachingwea kuhamisha nyumba. Lori lilikuwa lije Jumamosi. Kilichobaki ni kwenda Nambilanje, wilayani Ruangwa, kumchukua binti yetu Rehema, wa miaka sita, aliyekuwa kwa bibi yake mzaa mama kwa likizo.

Nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Kushona nilijifunza mwenyewe, kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia, na tangu hapo kitu nisichokifumua nikakirudia sikiamini. Maboksi niliyafunga, nikayafungua, nikayafunga tena. Vikombe nilivivisha soksi. Mama Baraka, jirani yetu pale kota za jeshi, aliyehamahama na mumewe tangu Baraka akiwa mgongoni, alisimama mlangoni akinitazama.

"Shemeji, Tabora kuna baridi kiasi hicho?"

"Nataka vifike vizima, mama Baraka."

"Vikombe vitafika. Wewe ndiye sina hakika nawe."

Wanawake wa kota ile nawavulia kofia. Nyumba wanaifunga asubuhi, na jioni wanakupikia kwa vyungu vyao kwa sababu vyako viko ndani ya boksi. Mama Baraka alinipa pikipiki ya mumewe, akachukua ufunguo wangu, akanifukuza niende.

Alhamisi asubuhi nilitoka Nachingwea. Ulikuwa msimu wa ufuta. Mashambani, katikati ya mikorosho, matita ya ufuta yalikuwa yamesimamishwa yakauke, yameegemeana kama watu wanaonong'onezana. Njia nzima watu walinipungia mkono kana kwamba wananijua. Mimi nilisimama kila baada ya kitambo kukaza kamba ya mfuko ambao ndani yake hamkuwa na kitu.

Ruangwa mjini nilikunywa chai, nikanunua sukari na sabuni za kumpelekea mama mkwe. Mji umechangamka, maduka yamejaa, na mama wa chapati aliponisikia lafudhi aliniuliza, "Wewe wa kuja, eeh? Mwalimu?" Nikamwambia mimi ni mume wa mwanajeshi. Akaniongezea chapati bila kuniambia kwa nini. Kutoka hapo hadi Nambilanje ni vumbi jekundu na hewa inayonukia ufuta.

Alasiri nilifika. Rehema alinijia mbio, miguu imekuwa ya rangi ya njia. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa, zimesimama, kwa kuwa bibi yake alipanga kumsuka kesho yake. Mama mkwe alinipokea kwa heshima za kwao: alikaa kwenye mkeka wake mbali kidogo, uso ameuelekeza pembeni, akaniletea ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa karanga. Nilikula nikiwa na furaha ya mtu ambaye mpango wake unakwenda sawasawa.

"Mama," nikasema, "kesho asubuhi tutaondoka na Rehema."

"Haya. Mjomba wake kasemaje?"

"Mjomba yupi, mama?"

Alijifunika mdomo kwa kanga. "Jamani! Issa, kaka yake Zuhura. Hujamwomba?"

Issa anaishi Naipingo, wilaya ile ile yetu ya Nachingwea.

"Kwa hiyo," akasema mama mkwe, "aliye jirani yako umemwacha, ukaja huku mbali kwangu mimi nisiye na kauli."

Kwetu Njombe baba akishasema, yamekwisha. Kule, kwa ukoo wa mke wangu wa Kimwera, mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye anayeombwa. Kumpeleka mtoto kwa bibi si neno. Kumhamishia mkoa mwingine ni jambo jingine kabisa. Nikauliza kama naweza kumpigia simu.

"Mtoto anaombwa kwa simu?"

Nilimpigia Zuhura. "Kwangu ni jambo la kawaida mno," akasema, "sikuwaza kwamba hulijui. Nenda, mume wangu. Na Issa akikataa, usibishane naye."

"Akikataa?"

"Rehema atabaki. Mimi nitalia huku, wewe utalia ndani ya lori."

Nilikuwa nimewaza juu ya vikombe, miguu ya kitanda, cherehani, hata mvua isiyo ya msimu wake. Mtu wa kumwomba mwanangu sikumwaza.

Ijumaa alfajiri mama mkwe alimfunga Rehema mgongoni kwangu kwa kanga, juu ya pikipiki. "Mpeleke mwenyewe kwa mjomba wake. Akikataa, mrudishe. Nywele atakwenda nazo hivyo hivyo, hakuna muda." Njia nzima nilisikia kidevu cha Rehema kikigonga mgongo wangu, na sikukaza kamba yoyote.

Mchana tulifika Naipingo. Issa alikuwa shambani, anakung'uta ufuta juu ya turubai: anachukua tita, analipindua, anapiga, mbegu zinamwagika kama mvua. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, fundi! Leo umepotea njia?" Akamnyanyua Rehema juu. "Na huyu? Kichwa kama kiota!"

Nilisema nilichokuja kusema, na sikukisema vizuri. Issa alinipa tita la ufuta. "Shika. Kung'uta huku unaongea."

Nikakung'uta. Akauliza Rehema atalala wapi huko Tabora, nikamwambia. Akauliza dada yake akiwa zamu, nani atakuwa na mtoto.

"Mimi."

"Utapika?"

"Napika, shemeji. Hata sasa."

"Na hiki kichwa atasuka nani?"

Nilitaka kusema nitatafuta msusi. Nikasema kweli. "Sijui kusuka."

Mke wa Issa, aliyekuwa akipepeta upande wa pili, alicheka mpaka ungo ukatikisika. Issa hakucheka.

"Mama yake ni wa jeshi, leo yupo, kesho hayupo. Wewe ndiye utakayekuwepo. Msuke hapa, nione. Kisha nitakupa jibu."

Mke wa Issa alitandika mkeka kivulini mwa nyumba, akanionyesha mstari mmoja wa twende kilioni, ule mtindo rahisi wa kwenda moja kwa moja kisogoni. "Gawa. Chukua kidogo. Kila hatua ongeza. Usivute, si uzi huo." Kisha akarudi kwenye ungo wake akaniacha.

Mstari wa pili nikaufumua. Wa tatu nikaufumua mara mbili. Mikono inayoweza kushona kola ilikuwa inapotea njia ndani ya nywele.

"Baba, unachukua nyingi," Rehema akasema.

"Pole, mama."

"Sasa umechukua chache."

Jua lilikuwa limeshapinda nilipomaliza. Mstari mmoja ulianza sikioni ukaishia kusikojulikana. Miwili ilikutana katikati kama iliyogombana ikapatana. Nilinyoosha mkono nianze kufumua tena.

"Acha," akasema Issa. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Alipitisha kidole chake juu ya kila mstari, taratibu, kama anayekagua shamba. "Rehema, inauma?"

"Kidogo. Lakini hapa haiumi."

"Mistari hii imelewa," akaniambia.

"Niruhusu niirudie, shemeji. Nitainyoosha."

"Hapana. Aende nayo hivi hivi. Huko Tabora wakiuliza kasukwa na nani, aseme baba yake." Akamshika bega mpwa wake. "Nenda na baba yako. Likizo urudi, nikukague."

Jumamosi lori lilikuja. Mama Baraka alikuwa ameshapanga kila kitu mlangoni. Mizigo ilipandishwa bila mimi kuigusa, maana Rehema alikuwa amenishika mkono. Tulipoiacha Nachingwea alisinzia, kichwa kifuani kwangu. Nyuma vikombe vilikuwa vikigongana ndani ya soksi zao. Sikugeuka. Nilikuwa nikitazama ule mstari uliopinda kuliko yote, nao sikuufumua; ulifika Tabora hivyo hivyo, Zuhura akauona.