Roswitha na Tangi la Mumewe

Roswitha Pawlik hakuwapenda wale samaki, na hakuwahi kujifanya anawapenda. Miaka yote aliyouza mikate pale mjini Herne alirudi nyumbani miguu imevimba, akamkuta mumewe Ewald ameinamia tangi lake la maji ya chumvi, viazi vya jioni havijamenywa. "Huyo ndiye mke mwenzangu," aliniambia mara nyingi, akilisonta tangi kwa kidole. "Angekuwa na miguu ningeshamfukuza."

Mimi nakaa ghorofa ya chini yao, tena ni mwanachama wa chama kilekile cha wafuga samaki, kwa hiyo nilimjua Ewald wa nyumbani na Ewald wa chamani. Chamani aliogopwa. Mgeni akitaja kwamba ana hita moja kubwa ya kupashia maji joto, ameisha.

"Hiyo moja kubwa ikikataa kuzima, utakunywa supu ya samaki," Ewald alimwambia. "Weka mbili ndogo. Moja ikifa, mwenzake anashikilia. Moja ikipagawa, haina nguvu ya kuua. Juu yake weka kidhibiti cha kuziwasha na kuzizima, na kihisi chake cha joto kikae ndani ya maji. Ndani, umesikia? Si jirani na maji!"

Tulimcheka, lakini tulimfuata.

Januari moyo wake ukagoma, akalazwa. Hakumwambia mkewe atunze nyumba wala asiwe na hofu. Alimwambia maji yasishuke wala kupanda kutoka digrii ishirini na tano, basi. Jike na dume lake, wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, alikuwa nao tangu alipokuwa bado anashuka mgodini. Daktari alimvuta Roswitha kando akamweleza wazi: mzee huyu kinachomshikilia ni hamu ya kurudi kwa samaki wake. Roswitha akajifunza tangi, yeye aliyekuwa akilipita kama kabati.

Kila jioni simu ililia, nami nikiwa kwao kwa kahawa nilisikia yote.

"Rosi, ngapi?"

"Ishirini na tano."

"Umesoma au unakisia?"

"Nimesoma, we kichwa kigumu."

"Jike amekula?"

"Amekula kukushinda wewe, nimeambiwa sahani yako inarudi imejaa."

Akikata simu alikuwa anatabasamu. Sikumbuki kuwasikia wale wawili wakizungumza kiasi hicho walipokuwa chumba kimoja.

Jumamosi moja Roswitha alibadilisha maji kama Ewald alivyomwelekeza. Akakitoa kihisi akifute chumvi, akakitundika kwa waya wake ukingoni mwa tangi. Halafu akafungua dirisha. Tangi hutoa jasho, kuta huota kuvu, na kwetu hakuna mwanamke wa rika lake anayeacha chumba bila kukipa hewa, hata theluji ikianguka. Dirisha likiwa wazi, simu ikalia kutoka hospitali: mumeo amezidiwa, njoo. Alichukua koti akatoka mbio.

Alikesha kando ya kitanda cha mumewe na kushinda hapo siku ya pili. Muda wote huo kihisi kilining'inia kwenye upepo wa dirisha kikipima baridi ya barabarani, na kidhibiti kikaamini maji yanakaribia kuganda. Hita zote mbili zikawaka bila kupumzika.

Aliporudi alinigongea. "Jirani, njoo. We njoo tu."

Harufu ilitupokea mlangoni. Maji yalikuwa meupe, matumbawe aliyoyaotesha Ewald humo yamevuja ute yakabaki mifupa. Jike alikuwa amelala ubavu chini, dume juu akielea.

"Nimewachemsha," alisema. "Kitu kimoja, jirani. Aliniomba kitu kimoja."

Nilizichomoa hita nikazitoa, na hapo ndipo nilipoona. Kila hita ina kirungu cha kuzungusha kichwani, cha kuiambia izime yenyewe maji yakifikia joto fulani. Unakiweka juu kidogo tu ya joto unalotaka, ili kidhibiti kikichanganyikiwa, hita ijizuie. Vyote viwili vilikuwa vimezungushwa hadi mwisho, digrii thelathini na nne, na chumvi imevigandia, havijaguswa siku nyingi. Ni Ewald huyo. Mwalimu wetu, mpiga kelele wetu, kwake mwenyewe alifanya uzembe ambao angetutukania mbele ya watu. Nilipandwa na hasira.

"Si wewe," nilimwambia. "Ewald angeweka hizi sawasawa, wangekuwa hai. Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Thubutu!" Alinishika mkono kwa nguvu. "Yule anakufa. Unataka afe akijua amewaua yeye?"

Chamani kwetu matumbawe si ya mtu mmoja. Unakata tawi unampa mwenzako, ili lako likifa, lake likurudie. Ingolf, mwenyekiti wetu, alizunguka akakusanya matawi ya Ewald kutoka nyumba za watu, akaja na ndoo zimefunikwa mablanketi, na samaki wawili wa rangi ileile.

"Shemeji, mwenyewe hatawatofautisha," alisema. Mjinga mwenye moyo mzuri.

Ewald aliletwa nyumbani afie kwake, kitanda kikaelekezwa tangini. Alitazama kidogo tu.

"Jike wangu yuko wapi?"

Ingolf akajikohoza. Roswitha akasogea mbele. "Kihisi nilikitoa nikifute. Nikakisahau nje."

"Nje ya maji."

"Nje ya maji, Ewald. Na dirisha wazi."

Nilifungua mdomo. Roswitha alinitazama, nikaufunga.

"Hita zangu nilizipanga mwenyewe," Ewald alisema polepole, pumzi ikimkatika. "Hata mtoto mdogo asingeweza kuwaua. Mwanamke mjinga wewe. Miaka yote ulilichukia tangi hili."

"Ndiyo," alisema Roswitha. "Nilikuwa mjinga."

Ewald akamwomba ageuze kitanda kielekee ukutani. Alikigeuza peke yake, akikisukuma kwa goti, akakataa nimsaidie. Siku zilizobaki alimlisha supu kwa kijiko, naye alifumbua mdomo bila kumtazama wala kumsemesha. Alikata roho hivyo hivyo, asubuhi moja, uso ukutani. Namwambia marehemu nilichoshindwa kumwambia akiwa hai: ulikuwa mtu katili, Ewald, na sijakusamehe.

Baada ya maziko tulikaa kwenye kahawa na keki, kama desturi. Ingolf akasimama, macho mekundu. Akasema tumempoteza aliyetufundisha sote kupasha maji joto bila hatari, ambaye kwa mkono wake hakuna samaki aliyewahi kupikwa. Chama kizima kikagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndivyo tunavyopongezana. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani.

Roswitha alikuwa amekaa kando yangu na koti lake jeusi. Akaweka kikombe chini, akakunja vidole, naye akagonga.