Refa Aliyekuwa Mtani Wetu

Jumapili sikai. Wenzangu wakitoka kanisani hunyoosha miguu na kuulizana wapike nini. Mimi huzunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Nguo naanika na kuanua kabla hazijakauka. Nikikaa, nasimama. Ukiniuliza nasubiri nini nitakwambia sisubiri kitu, na nitakuwa nadanganya, kwa sababu masikio yangu yote yako upande wa uwanjani, yanasikiliza pikipiki.

Nauza vipuri mjini, katika duka la tajiri mmoja wa Kihindi, na waendesha bodaboda wa Tabora nawajua kwa vitu vinavyowaharibikia. Anayebadili breki kila mara ni mwoga, Mungu ambariki. Asiyenunua breki namwombea. Mdogo wangu, niliyebaki naye baada ya mama kutangulia, alikuwa na pikipiki mbili. Moja ya abiria, anaifuta asubuhi mpaka unaona sura yako kwenye tangi. Nyingine mkweche wa mashindano: haina taa, haina madigadi, haina breki hata moja.

Breki walizitoa kwa makusudi. Katika mashindano yao ya kuzunguka duara, mwenye breki ni hatari kwa aliye nyuma yake. Mwendo unapunguzwa kwa klachi, na kwa kuiacha tairi ya nyuma iteleze mchangani huku mguu wa kushoto ukiburuzwa chini. Hayo walinieleza wenyewe kwa uvumilivu mkubwa, kana kwamba sielewi Kiswahili. Nilielewa vizuri sana. Nilielewa kwamba mtoto wa mama yangu anaingia kwenye kona na hana cha kumsimamisha.

Uwanja wenyewe ulikuwa nje kidogo ya Gongoni, tambarare ya mchanga ambako kiangazi hakuoti kitu. Kwenye kona walipanga magunia ya pumba za mpunga ili atakayeruka aangukie mahali. Wanakimbia wanne wanne. Mmoja akianguka na mbio zikasimamishwa, refa anaamua nani amesababisha. Huyo anatolewa, na waliobaki wanaanza upya. Kuanza upya ndiko wanakoita marudio. Aliyetolewa hana marudio.

Sasa hapo penye "refa anaamua" ndipo palipowashinda. Refa wa kwanza alikuwa mwalimu, akachaniwa shati. Wa pili alipanda bajaji mbio zikiwa bado zinaendelea na hakuonekana tena. Vijana wakakaa kikao kwenye kijiwe chao, wakakubaliana kwamba anatakiwa mtu asiyepigika. Na kwetu Unyamwezini asiyepigika ni mmoja tu, naye ni mtani.

Wakamleta mzee wa Kigogo, mstaafu wa reli, aliyeishi hapa miaka mingi kiasi cha kulalamika kwa Kinyamwezi vizuri kuliko sisi. Babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani walipita kwao, ambako maji ni machache na wenyewe walikuwa wakali, na kila msafara ulilipa hongo ndipo unywe na upite. Ugomvi wa wakati ule ulikuja kuishia kwenye utani, na utani hauna mwisho. Mgogo anaweza kumtukana Mnyamwezi msibani, anaweza kuchukua kitu chake akaondoka nacho, na mwenye kukasirika ndiye mwenye makosa.

Alikuja na bendera zake mbili za reli, ya kijani na nyekundu, zimepauka lakini zimepigwa pasi. Nilimpenda siku ileile. Vijana walipompigia kelele kwamba amekula hongo, aliwajibu kwamba babu zao waliilipa hadi mwisho bila kelele, na wao wapagazi wa siku hizi wanataka kupita bure. Watu wakashika mbavu. Kila akimtoa mtu alianza na maneno yaleyale, "Utani kando," halafu akashusha utani mkubwa kuliko wote. Utani kando, wewe umeendesha vizuri, ila umesahau kwamba siku hizi mizigo haibebwi kichwani. Aliyetolewa alicheka, akasukuma pikipiki yake pembeni. Msimu wote hakuna aliyechaniwa shati.

Mimi sikuwa nakaa na watu. Nilisimama kwenye kona ya mbali, nyuma ya magunia, natembea hatua chache huku na hatua chache kule, kwa sababu ukimpenda mtu anayekwenda kasi miguu haikubali kutulia. Wanawake waliokuwa wakiuza karanga waliniambia nitachimba mfereji.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho wa msimu, na mdogo wangu alipangwa na kijana wa Bukene aliyekuwa anashinda kila alipokuja. Walikuwa wameshatupiana maneno. Wa Bukene alisema waendeshaji wa mjini wanajua kubeba abiria tu, na mdogo wangu, ambaye kwa hasira ni pacha wangu ingawa tumepishana sana, hakujibu kitu. Akinyamaza, ogopa.

Wakaja kwenye kona yangu wawili wakiwa mbele, wa Bukene kwa nje, wetu kwa ndani. Vumbi lilikuwa jingi, hilo nakubali. Lakini upepo ulilisukuma nyuma yao, na nilikuwa karibu mno. Nilimwona mdogo wangu akiusukuma nje mkono uliokuwa umekunjwa, kiwiko kikaingia kwenye mbavu za mwenzake, taratibu, kama mtu anayefungua mlango. Yule akaruka. Alipita juu ya gunia la kwanza, akapasua la pili, na pumba zikamwagika kila mahali.

Aliinuka. Bega moja lilikuwa limeshuka kuliko lingine, na alikuwa anacheka kwa namna ya mtu ambaye bado hajaanza kuumia. Alisema ataendesha marudio. Na mdogo wangu alipogeuza pikipiki akapita karibu yangu, nilimwambia nimeona kiwiko.

"Dada, umeona vumbi," akasema.

Hakunitazama. Nilizitazama taya zake zilivyokaza, nikajua kwamba kwenye marudio atafanya vilevile, na mwenzake naye sasa anamsubiri, na katika wawili hao hakuna mwenye breki. Nilikuwa nimeshawahi kumwona mwendeshaji aliyerudi dukani kwetu kwa magongo kununua kioo cha pembeni, kwa mazoea tu, na pikipiki alikuwa ameshaiuza.

Mzee akaja katikati ya uwanja, akainua bendera nyekundu, akamwelekezea mdogo wangu. Watu wa kijiwe chetu wakaanza kupiga kelele kwamba wa Bukene ameanguka mwenyewe. Waliokuja na kijana wa Bukene kutoka njia ya Nzega wakajibu. Mzee akangoja, halafu akasema, "Utani kando."

Watu wakacheka. Walicheka kabla hajaendelea, kwa sababu walikuwa wanaijua njia. Akasema huyu ametoka, haendeshi tena, ataua mtu leo au atajiua mwenyewe. Wakacheka zaidi, na mmoja akamwuliza kama Mgogo, aliyezoea njaa, anajua habari za kuzika mtu aliyeshiba. Akarudia kwamba hatanii. Ndiyo, wakasema, hutanii, na machozi ya kicheko yakiwatoka. Bendera ilikuwa juu bado, na mdogo wangu, akiwa mmoja wa waliocheka, aliendesha polepole akaenda kusimama kwenye mstari wa kuanzia pamoja na wengine, kana kwamba hajatolewa.

Niliona uso wa mzee. Alikuwa mtu aliyetumia neno lake mpaka likaisha, na siku anayolihitaji hana jingine. Walimchagua kwa sababu hapigiki, na kumbe asiyepigika pia hasikilizwi.

Nilivuka uwanja. Mwanamke hakatizi pale, na niliambiwa hivyo na watu wengi kwa pamoja, lakini nilivuka. Nilimwamkia, hata katika hali ile, akaitikia marahaba bila kushusha bendera. Nikamwambia maneno ambayo sikuwa nimeyapanga.

"Babu, kama refa wamekukataa. Kama mtani, nani atakukataa?"

Alinitazama kidogo. Kisha akaikunja bendera nyekundu vizuri, kama alivyofunzwa na reli, akatembea mpaka kwenye mstari, na kuilaza juu ya tangi la mkweche wa mdogo wangu.

"Hii nimeipenda," akasema. "Naichukua."

Kelele zikabadilika palepale. Watu walewale waliokataa uamuzi wakaanza kumwambia mdogo wangu ashuke, mtani kachukua, usitutie aibu. Wa kijiwe chetu ndio walikuwa wa kwanza. Mdogo wangu alitafuta jicho moja la kumtetea katika umati mzima na hakulipata, kwa sababu sheria ya mbio waliitunga wenyewe juzi na wanaweza kuibishia, lakini hii ya utani waliikuta. Akashuka. Akauliza, kama inavyopasa kuuliza, atakomboa kwa kitu gani.

Mzee akasema kuku hataki, na mbuzi hataki. "Siku ya kunizika, njoo kwa miguu yako miwili. Uichukue."

Walicheka sana. Mimi sikucheka, na mdogo wangu pia hakucheka. Marudio yalikimbiwa na watatu, na nikitaja nani alishinda siku ile nitakuwa nabahatisha. Kwenye kijiwe bado wanabishana kama wa Bukene alianguka au aliangushwa.

Mdogo wangu hakusema nami kwa muda mrefu. Alikuja, akala, akaosha sahani yake, akaondoka. Kununa kwa mtu anayekula kwako bila kusema ni jambo gumu, na nilimwambia hivyo. Lakini nikasikia kwamba anaenda nyumba za reli, kwa mzee. Mara ya kwanza alimpelekea mzee kuku, akarudishwa naye. Mara ya pili alikwenda kuangalia kama mkweche unaingiwa na maji. Baadaye akawa anakwenda tu. Mke wa mzee aliniambia kwamba wanapanga vifuniko vya soda mezani, hiki wewe, hiki wa Bukene, na kubishania kona ile mpaka chai inapoa. Mzee alimwita mpagazi asiye na mzigo. Yeye alimwita ombaomba. Kila mdogo wangu alipoondoka aliupaka mnyororo wa mkweche oili, akaufunika turubai.

Mzee alianza kuumwa masika. Alikataa kusafirishwa kwenda kwao. Alisema akizikwa huko atakosa wa kumtukana. Alipofariki tulimzika hapahapa Tabora, mvua ikiwa imekatika asubuhi ile, na udongo mzito kwenye majembe.

Mdogo wangu alikuja kwa miguu. Pikipiki ya abiria aliiacha nyumbani, akatembea kutoka Gongoni kwenye tope mpaka makaburini, na suruali yake ilikuwa imeloa hadi magotini. Padri alipomaliza na jeneza likiwa limeshashushwa, wazee walimtazama, kwa kuwa kazi ya mtani kaburini inajulikana, na watu walikuwa wanaingoja. Alitoa mfukoni bendera nyekundu. Ilikuwa imebaki juu ya tangi tangu siku ile, mpaka usiku wa msiba alipoichukua. Akaikunjua, akasimama kwenye ukingo wa kaburi kama mzee alivyokuwa akisimama, mgongo umenyooka, tumbo mbele, na tayari watu walikuwa wameanza kucheka na kulia.

"Utani kando, babu," akasema. "Umetolewa. Hakuna marudio."

Kicheko kilipanda, mjane naye akacheka, ameshika kichwa. Bendera ilikuwa bado juu. Kicheko kikapungua, kikaisha, na mkono wake haukushuka. Nilimwona akijaribu kuongeza neno, maana utani haukomi kwa sentensi moja, na neno halikuja. Mimi ndiye niliyekwenda kumshika mkono na kuushusha.

Baadaye mjane alimwonyesha pikipiki nyuma ya nyumba na kumwambia amekomboa, aichukue. Aliitoa turubai. Nilisimama karibu na mlango nikisubiri aipige kiki, na moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko siku yoyote ya uwanjani. Hakuipiga. Aliisukuma kwa mikono barabara nzima, nami pembeni yake, viatu vyetu vikinata.

Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama kweli siku ile niliona kiwiko.

"Niliona."

"Na babu aliona," akasema, akaendelea kusukuma.

Mkweche uko nyuma ya nyumba mpaka leo. Mnyororo una oili. Jumapili nikianua nguo huligusa tangi kwa kiganja, na likiwa la baridi najua haujawashwa, naingia ndani, halafu baada ya muda natoka tena kuligusa.