Jina Langu Chini ya Kibodi

Kwenye mtambo wa maji pale Kasulu, neno la siri la kompyuta liliandikwa kwenye plasta na kubandikwa chini ya kibodi. Lilikuwa langu. Fundi aliyefunga mfumo alinisajili mimi peke yangu, kwa kuwa ndimi niliyepelekwa mafunzoni. Na kwetu kumnyima mwenzako kitu ulichonacho ni kukosa adabu, hata kama kitu chenyewe ni neno la siri. Basi zamu zote zikaingia kwa jina langu, zikawasha pampu kwa jina langu, zikapandisha na kushusha dawa ya klorini kwa jina langu. Mimi nikajiona mkarimu. Mjinga mkubwa.

Nikaenda Busunzu kumzika shangazi. Niliporudi nikakabidhiwa barua ya kujieleza: siku ya mazishi dawa ilizimwa tangu asubuhi, maji yakaenda mjini hivyo hivyo hadi jioni, na kumbukumbu za kompyuta zinasema aliyezima ni mimi. Viatu vyangu vilikuwa bado na udongo wa kaburini! Wenzangu wa zamu hawakujua lolote. Mkuu wa kituo, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, akasema kompyuta haina sababu ya kunisingizia, nijiandae kufukuzwa kazi. Ruhusa ya msiba alikuwa ameisaini mwenyewe.

Nilikasirika. Baba yangu alitoka Burundi akiwa kijana, akangoja miaka na miaka jina lake liandikwe kwenye cheti cha uraia. Siku alipokipata alitusomea jina hilo kwa sauti, mara mbili. Ndilo ninalolitumia. Na mimi nimeliacha mezani kama kikombe cha kuchotea maji, kila apitaye anachukua.

Nikabandua plasta. Nikaambatanisha ile ruhusa ya msiba kwenye majibu yangu, kisha nikamsajili kila mtu kwa jina lake. Wa zamu wawashe na kuzima pampu. Dawa waiguse viongozi wa zamu tu, na kila wakibadilisha waandike sababu. Mkuu nikamwekea kutazama tu, bila kugusa kitu.

"Yaani mimi mkuu hapa, unanipa kutazama?" akafoka mbele ya watu. "Niandikie lile neno lako, kama zamani."

"Oya," nikasema. Kiha kilinitoka chenyewe. "Hapana, mkuu. Langu sitoi tena, hata ukinifukuza leo."

"Mpe tu, mama, yaishe," mwenzangu mmoja akaninong'oneza.

Nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua sehemu ya ruhusa, nikampa mkuu zote: pampu, dawa, kila kitu, kwa majina yake matatu. Nikampisha kiti.

"Karibu, mkuu. Weka neno lako la siri, na kila utakachogusa kitaandikwa kwa jina lako. Nitageuka nisilione."

Akalitazama jina lake kwenye kioo. Halafu akasema niache kwanza, kutazama kunamtosha. Ile barua hakuitaja tena.